Nani Aliona kwa Macho Yake

Butembo, Alhamisi 5 Oktoba 2000

Leo tumeanza atelier, yaani warsha, ya kwanza kwenye maktaba ya chuo. Mvua ilipiga mabati mpaka mkutubi wetu mpya, bibliothécaire Madame Emérence, akalazimika kupaza sauti kama muuza samaki. Ni mama wa Lubero, mwembamba, sweta yake ya kijani imefungwa vifungo mpaka shingoni, na hacheki.

"Kila Alhamisi saa nane mutakuya hapa," alisema. "Nitabafundisha namna ya kutafuta. Kukopi munajua tayari."

Tulicheka. Yeye hapana.

Alisema kila anayeandika TFC, yaani kazi ya kumaliza graduat, shahada ya kwanza ya chuo, awe na shajara: alichotafuta, alichopata, kilichomkatalia. Wenzangu wanaandika kwa Kifaransa. Mimi nitaandika kwa Kiswahili. Mwalimu wa madrasa kule Beu, nyumbani Beni, alitufundisha Kiswahili cha vitabu, na tangu hapo mawazo yangu yanatembea humo, ingawa mdomo wangu ni wa Beni kabisa.

Naitwa Halima. Baba yangu, Jumaine, ninayemwita Papa, ni transporteur, anabeba mizigo kwa camion, yaani lori. Hapa Butembo nakaa Vulamba kwa shangazi yangu, Tantine Sofia, anayeuza vitenge sokoni. Mwaka wa masomo umechelewa kwa sababu ya vita. Tutatetea kazi zetu Januari, Mungu akipenda.

Ijumaa 6 Oktoba

Mvua. Sikutafuta kitu.

Alhamisi 12 Oktoba

Madame ametugawa wawili wawili. Nimewekwa na Paulin, kijana wa kijiji kimoja cha upande wa Kalunguta. Anaongea vizuri sana na anajua hivyo. Sujet, yaani mada, aliyoileta inaitwa "Kilimo na Maendeleo ya Afrika".

"Afrika yote?" Madame akamwuliza. "Na hii mvua?"

Mpaka jioni Afrika yake ilikuwa imepungua, ikawa Kongo, ikawa Kivu, ikawa mashamba ya poireaux, vile vitunguu vya majani mapana, ya bonde moja, lile ambalo mama yake analima. Paulin alikasirika. Mimi nilicheka kidogo, kisha zamu yangu ikafika. Nilisema nataka kuandika juu ya usafirishaji kwenye barabara ya Beni na Butembo.

"Kusafirisha nini? Mwaka gani? Gari ikikwama, nani analala njaa?"

Nimetoka na maharagwe: maharagwe yanayopanda camion Kalunguta na yanayoozea njiani.

Baadaye alitufundisha fichier, yale makabati ya droo yenye kadi za vitabu. Unyevu umevimbisha mbao. Paulin alivuta droo moja kwa hasira, ikatoka yote, kadi zikamwagika sakafuni kama mchele. Tulipiga magoti, tukazipanga tena kwa alfabeti mpaka mlinzi akaja kufunga. Sasa tunajua fichier kuliko mtu yeyote wa promotion yetu, darasa letu.

Alhamisi 19 Oktoba

Leo kila jozi ilipewa vitabu vitatu vinavyozungumzia jambo lilelile, iseme kipi ni cha kuaminiwa. Letu lilikuwa ni mwaka ambao barabara yetu ilifunguliwa. Kitabu cha Wabelgiji kina mwaka wake, kijitabu cha wamisionari kina wake, na mémoire, tasnifu ya mwanafunzi wa zamani, ina wa tatu. Paulin alichagua kile cha Wabelgiji.

"Juu ya nini?" Madame akauliza.

"Ni kinene, Madame."

Hapo ndipo nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza, kidogo tu, pembeni ya mdomo. Akatufungulia ukurasa mmoja mmoja. Yule wa kwanza aliandika akiwa Ulaya. Yule wa pili alimnakili wa kwanza akakosea tarakimu. Yule mwanafunzi alikuwa amekaa na mzee aliyebeba mawe ya barabara ile kichwani. "Hata yeye anaweza kusahau," Madame akasema. "Mais alikuwa pale. Donc munaanza naye."

Jumanne 24 Oktoba

Papa amepita na camion, na dereva wake, Tonton Zorobabel, mjomba wangu kwa mazoea, kwenye usukani kama kawaida. Wametuletea mchele na mafuta ya mawese. Tonton ni Mnande, Mprotestanti, na amenijua tangu nabebwa mgongoni. Akiendesha anaimba nyimbo za kanisa, na Papa, Mwislamu safi, siku hizi anazijua zote.

"Unajifunza kutafuta wapi?" Papa akaniuliza.

"Mu bitabu, Papa."

"Na kama bitabu haina?"

"Kwa batu."

"Eh! Basi hata mimi ningekuwa docteur," akasema, wakacheka wote wawili mpaka Tantine akatoka nje kuangalia kuna nini. Nilifurahi mchana kutwa.

Alhamisi 26 Oktoba

Atelier ya leo ilikuwa ya kuuliza watu. Madame alichukua karatasi, akaikunja, ikapata safu tatu. Juu ya safu ya kwanza akaandika Nimeona. Ya pili, Nimesikia. Ya tatu, Ninafikiri. Akasema mtu akikueleza jambo, kazi yako si kubishana naye, ni kuweka kila neno lake kwenye safu yake. Tulifanya mazoezi na mlinzi wa lango juu ya ajali ya pikipiki ya juma lililopita. Aliongea sana, akaiga hata mlio wa pikipiki. Mwisho tukagundua safu yake ya kwanza ina neno moja: vumbi.

Ijumaa 3 Novemba

Milio ya bunduki upande wa barabara ya Beni, tangu asubuhi. Soko limefungwa mapema. Tantine amerudi na vitenge vyake kichwani.

Jumatatu 6 Novemba

Askari, basoda tunavyowaita, wamechoma nyumba kijijini kwa akina Paulin. Wanasema walikuwa wakitafuta wapiganaji wa Mayi-Mayi. Watu walikimbilia msituni kabla askari hawajafika, hakuna aliyekufa, lakini nyumba, ghala za maharagwe, mbuzi, vyote vimekwenda. Nilimwandikia Paulin pole, nikaipeleka mahali anapopanga. Hakuwepo.

Alhamisi 9 Novemba

Sijui niandike vipi.

Niliingia maktaba, nikamwona Paulin amekaa meza ya mbali. Nikamwendea na kiti changu. Akasimama.

"Usikae hapa."

"Paulin, nasikitika sana..."

"Camion ya baba yako njo ilileta basoda! Bote banajua. Banaona jina yenye iko pa mulango. Baba yako alibaleta mu kijiji yetu kuchoma nyumba ya mama yangu, na weye unakuya kunipa pole!"

Maktaba nzima iligeuka. Nilisema, "Si kweli." Akauliza, "Unajua aje?" Nami, baada ya Alhamisi zote zile, sikujua. Nilichukua mfuko wangu nikatoka. Nyuma yangu nilimsikia Madame akisema, "Paulin, kaa chini." Sikugeuka.

Jumamosi 11 Novemba

Tumempata Papa kwa phonie, redio ya mawasiliano, pale dukani ambapo watu hupanga foleni kuzungumza na Beni. Sauti yake ilikuwa inakwenda na kurudi. Anasema askari waliikamata camion jioni ya Alhamisi, ile ya kuamkia siku ya milio, kwa nguvu, pamoja na Tonton. Asubuhi yake aliambiwa gari imekufa kwenye daraja la chini ya kijiji cha akina Paulin. Ameivuta mpaka Beni. Tonton hajaonekana.

"Basi walipanda kweli?" nikauliza. "Ilibabeba kweli?"

Phonie ilikoroma. Kisha Papa: "Ndiyo, mwanangu. Ilibabeba."

Vijana wa kule wameapa kwamba camion yoyote ya Jumaine ikipita itachomwa na mwenyewe ndani. Papa hawezi kuja Butembo. Sisi hatuwezi kwenda Beni.

Jumatatu 13 Novemba

Mtu amemwagia vitenge vya Tantine matope. Wateja wake wa zamani wanapita upande wa pili wa njia. Yeye amefua, ameanika ndani, na amenipikia sombe, majani ya muhogo, kana kwamba ni siku ya furaha. Nampenda mama huyu.

Alhamisi 16 Novemba

Sikwenda atelier. Nilikuwa nimekaa nyumbani nikiangalia mvua ikichimba uwanja, mara nikaona sweta ya kijani inapanda mtelemko wetu chini ya mwavuli uliovunjika. Madame Emérence, kwa miguu, mpaka Vulamba! Viatu vyake alivishika mkononi.

Tantine alimpa chai na kiti karibu na mbabula, jiko la makaa. Madame alikunywa yote kwanza. Nilidhani atanigombeza kwa kukosa.

"Halima," akasema, "wafikiri baba yako alifanya ile kintu?"

"Hapana, Madame."

"Iko mu safu gani?"

Nikatazama chini. "Ninafikiri."

"Na Paulin?"

"Nimesikia."

"Sasa basi. Watu wawili bote hawana safu ya kwanza, na wako tayari kuchukiana maisha yao yote." Akaweka kikombe chini. "Sikuya kukufariji, mwanangu. Sijui kama utakayoyapata yatakufurahisha. Mais kama unaogopa kuuliza, utakaa na hii mambo tumboni mpaka uzee."

Kisha akatuambia jambo ambalo sikujua. Mume wake alikuwa mwalimu. Katika vita ya kwanza, ile ya 1996, watu walisema amewaonyesha askari njia. Hakuna aliyemwuliza kitu. Miaka miwili baadaye mtu mwingine alikiri, lakini mume wake alikuwa tayari kaburini. Alisema hayo bila kubadilisha sauti, kama anayesoma kadi ya fichier. Tantine ndiye aliyelia.

Mimi niliyemwona mkali! Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimembebea viatu.

Alhamisi 23 Novemba

Nimerudi. Madame alituweka mimi na Paulin meza moja, yeye katikati kama refa, karatasi ya mikunjo mitatu mbele yetu. Paulin hakuniangalia, ila alijibu maswali ya Madame.

Nani alikuambia juu ya camion? Mjomba wake. Mjomba aliona? Hapana, alikuwa Butembo. Nani alimwambia? Jirani. Jirani aliona? Aliona camion darajani, tupu, saa za mchana, na jina la Papa mlangoni. Tukaandika hilo Nimeona, kwa sababu ni kweli, nami niliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Yaliyobaki yote, kwamba Papa alilipwa, kwamba aliwaonyesha nyumba, yaliingia Nimesikia, moja baada ya lingine, mpaka safu ikajaa.

Kisha Madame akaniambia na mimi niulize. Nilikuwa nimefikiria swali hilo juma zima.

"Paulin, ju ya nini hakuna mutu alikufa?"

Kwa mara ya kwanza aliniangalia.

"Balikimbia."

"Nani alibaambia bakimbie? Daraja iko chini kabisa, na basoda balikuwa na gari. Kutoka daraja mpaka nyumba ya kwanza ni muda kidogo tu. Nani alibapa nafasi?"

Alisema hajui. Alisema hajawauliza. Mama yake aliwachukua wadogo zake siku ileile wakaenda kwa ndugu upande wa Lubero, na hajamwona tangu hapo.

"Ile njo swali," Madame akasema, akatupatia karatasi mpya.

Jumanne 28 Novemba

Mfungo umeanza. Tumekula daku, mimi na Tantine. Tumewaombea Papa na Tonton.

Jumamosi 2 Desemba

Nimechoka, lakini lazima niandike leo leo.

Paulin alikuja jana kusema mama yake amerudi. Alisimama nje ya ua, akakataa kuingia, akasema tu, "Kama unataka kuuliza, tuende kesho. Nitakuwa mbele yako." Tantine alikataa katakata, mpaka Madame akasema yeye pia anakwenda. Tulipanda gari la paroisse, parokia ya hapa, lililokuwa linapeleka dawa.

Kwenye barrière, mti ambao vijana wa kule wameufungia njia, walituzunguka. Mmoja aliniuliza mimi ni binti wa nani. Kabla sijajibu, Paulin alishuka. "Eko pamoja na mimi. Mukitaka kumugusa, muanze na mimi." Walituacha tupite. Kama angesema neno jingine pale, nisingekuwa naandika haya.

Kisha nikaziona nyumba. Kuta nyeusi, mabati yamejikunja kama majani makavu. Harufu bado ipo, hata baada ya mvua zote hizo. Mama yake Paulin, Mama Anne-Marie, alikuwa amejenga kibanda cha majani pembeni ya shamba lake. Alitukaribisha kwenye mkeka. Alipotaka kunipa muhindi wa kuchoma nikamwambia nimefunga. Akaufunga kwenye jani la ndizi, akauweka kwenye mfuko wangu. "Utakula jua ikizama," akasema. Alikuwa hajajua mimi ni nani. Paulin akamwambia. Mama alinitazama muda mrefu, mkono bado uko juu ya mfuko wangu.

Nikakunja karatasi mbele yake. Nikaanza kama tulivyofundishwa, si kwa camion, bali kwa asubuhi ile: ulikuwa wapi, Mama?

Alikuwa chini kwenye maji, karibu na daraja, anakata poireaux za soko. Ukungu ulikuwa bado umelala. Akasikia camion inatoka upande wa Beni, akaona basoda juu yake, akajificha kwenye matete. Ilipofika katikati ya daraja, gari ikazima.

"Dereva akashuka," akasema. "Mutu mukubwa, mikono kama majembe. Akafungua mbele ya gari. Mimi niko chini, ninamuona kwa ubavu. Akachomoa kintu, kadogo, ya chuma. Akaitupa mu maji. Chubwi! Karibu na miguu yangu. Tena akainamisha kichwa mu gari, sawa mutu wa kutengeneza."

Paulin alimsogelea mama yake.

"Basoda bakasema ginsi gani? Akasema panne, gari imekufa. Bakaanza kumupiga na kitako ya bunduki. Akapiga kelele mingi, mingi kuliko kupigwa kwenyewe. Analia kwa Kinande sawa mutu anaomba Mungu: 'Eh Bwana wangu, batu ba kilimani bakimbie, bakimbie na batoto!' Bale basoda habakujua Kinande. Balifikiri analia. Mimi nikajua anasema na mulima. Nikatambaa mu matete mpaka juu, nikapiga kelele nyumba kwa nyumba."

"Mama," Paulin akasema, "ju ya nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Nilikimbia na bandugu zako. Nimerudi juzi, ninakuta weye na mujomba yako munajua yote tayari." Akashusha sauti. "Na tena niliogopa. Maneno ikitembea mpaka kwa basoda, yule mutu bangemumaliza. Kama hawakumumaliza siku ile."

Hapo niliweka kalamu chini. Mama Anne-Marie akanivuta nikalala begani mwake, na nguo yake ilikuwa inanukia moshi. Papa hakuwa na hatia. Lakini nililia zaidi kwa ajili ya Tonton, na kwa ajili ya mama huyu aliyenikumbatia wakati nyumba yake iliungua chini ya jina la baba yangu.

Wakati wa kurudi Paulin alikaa nyuma pamoja nami. Karibu na Butembo akasema, "Pardon." Nikamwambia na mimi pia nilikuwa nimeandika upande mmoja tu wa karatasi moyoni. Nilikula muhindi jua lilipozama. Sijala futari tamu kama hiyo.

Jumanne 5 Desemba

Tonton yu hai!

Mchungaji wa kanisa lake ndiye aliyetupeleka. Amefichwa na ndugu hapahapa Butembo. Mkono wa kulia umevunjika vidole, jicho moja bado limevimba. Hakumtafuta Papa kwa sababu aliogopa kuwapeleka askari mlangoni kwetu. Nilipiga magoti karibu na kitanda, nikamwambia tu: "Tonton, aksanti."

"Ya nini?"

"Tumeongea na mutu alikuwa mu matete."

Aligeuza uso ukutani. Akasema, "Kumbe kulikuwa mutu." Kisha akanishika kwa mkono mzima. "Halima, usiandike ile mambo mu kitabu yako ya chuo. Bale basoda bako hapa hapa. Niko na batoto."

Alhamisi 7 Desemba

Nilimweleza Madame kwamba ninayo hadithi ambayo ingeifanya TFC yangu isomwe na kila mtu, na kwamba siwezi kuiandika. Nilidhani atanionea huruma. Alifurahi.

"Leo nilitaka kufundisha ile," akasema, na kweli akaandika ubaoni: kumlinda aliyekuambia. Alituambia kutafuta ukweli hakukupi ruhusa ya kuumiza mtu nao. Unajiuliza nani anahitaji kujua, na unampelekea huyo, kwa miguu ikibidi. Paulin akaniangalia kutoka meza yetu. Wote wawili tuliwaza watu walewale: wale vijana wa pale njiani.

Jumapili 10 Desemba

Papa alifika akiwa amelala chini ya viazi kwenye gari la mtu mwingine, yeye mwenye camion. Tukaenda pamoja mpaka uwanja wa Mzee Siméon, mkubwa wa ukoo wa akina Paulin, ambaye Paulin alikuwa amemwomba atupokee, baada ya misa. Walikuwepo wakuu wa familia na viongozi wa wale vijana tu. Wengine waliondolewa.

Papa alisimama. Alisema camion ni yake, na iliwabeba askari. Hakuongeza neno "lakini". Alisema, "Jina yangu ilikuya na moto kwenu. Ninaomba pole." Halafu akakaa. Nilikuwa sijamwona akiwa mdogo hivyo, wala mkubwa hivyo.

Ndipo Paulin akaeleza, taratibu, nani aliona na nani alisikia. Mama Anne-Marie akasema yake. Bila kutaja jina la dereva. Ilipofika kwenye kile kipande cha chuma, kijana aliyenisimamisha njiani, Ananie, alitoka akaenda nje kidogo, akarudi na macho mekundu. Mke wake alijifungua msituni siku ile. Mtoto mzima.

Mzee Siméon hakutoa hotuba. Alimwuliza kila kijana kwa zamu yake, "Umesikia?" na kila mmoja akajibu, "Nimesikia." Kisha: "Hii mambo inakufa hapa." Wakaitika. Akaagiza chakula. Walipokumbuka sisi tumefunga, walikizuia chote mpaka magharibi, watoto nao wakangoja wananung'unika, tukala pamoja.

Alhamisi 14 Desemba

Bibliografia. Nukta, koma, mabano. Paulin amegombana na Madame juu ya koma moja. Nimefurahi kuona maisha yanarudi kwenye koma.

Jumamosi 16 Desemba

Wateja wa Tantine wamerudi. Hakuna aliyeeleza kwa nini aliondoka. Tantine naye hakuuliza, amewapimia vitenge.

Jumatano 27 Desemba

Idi. Mama Anne-Marie ametuma poireaux na viazi, Madame amekuja na sweta mpya, ya kijani pia. Papa amewapelekea wale wa kilimani mabati ya nyumba ya kwanza. Camion ilipita mchana, polepole, dereva mpya. Wanasema Ananie mwenyewe aliuvuta mti kando.

Alhamisi 4 Januari 2001

Atelier ya mwisho. Ilikuwa juu ya ukurasa wa remerciements, ukurasa wa shukrani. Nilidhani ni wa kupamba tu. Madame alisema hapana, ni sehemu ya utafiti, maana pale unakiri kwamba hukupata kitu peke yako. Tukaandika. Paulin alianza na mama yake. Mimi nilimweka Papa, Tantine, Paulin, Madame. Kisha nikakwama. Yule ninayemshukuru kuliko wote siwezi kumwandika, hata kwa herufi moja, hata kwa kusema "dereva".

Mwisho tulimwimbia Madame. Hakujua aweke mikono wapi. Alisema maktaba inafungwa na tumpishe.

Ijumaa 12 Januari

Nimetetea jana na nimepita, Alhamdulillahi. Leo asubuhi nilimpelekea Tonton Zorobabel nakala. Bandeji imeondolewa, vidole viwili havikunjiki. Hakuna askari aliyemwulizia tena, basi anamfundisha dereva mpya wa Papa barabara, anakaa kiti cha pembeni. Nilimkuta hapo, garini, wanajiandaa kwenda Beni.

Kifaransa hasomi. Aliniomba nimsomee kwa Kiswahili ukurasa mmoja tu, wowote. Nikamsomea ule wa shukrani. Majina yote, mpaka mstari wa mwisho, ambao ni huu: Na kwa wale ambao majina yao sikuandika.

Alivua kofia. Akakaa nayo magotini, akiangalia mbele kupitia kioo.

"Ile ya mwisho iko fupi," akasema.

"Ndiyo, Tonton. Iko fupi."

"Muzuri." Akarudisha kofia kichwani, akamgusa dereva begani ili awashe gari. "Kintu ya fupi njo inapitaka barrière."